NENO "KAHAWA": MAANA YAKE NA ASILI YAKE

Neno tutakalolichungua katika somo hili hutamkwa kila siku katika nyumba, masoko na mashamba ya Afrika ya Mashariki, wala hapana mtu alionaye kuwa neno geni. Neno hilo ni "kahawa." Mzee wa Lamu hulitamka aagizapo kikombe chake baada ya sala ya alfajiri. Mkulima wa Nyeri hulitamka apelekapo matunda yake mekundu katika kiwanda cha chama cha ushirika. Karani wa Nairobi hulitamka ofisini saa nne. Lakini ukiwauliza watu hawa watatu neno hili limetoka wapi, yamkini utapewa majibu matatu mbalimbali. Wa kwanza atasema, "Hilo ni neno la Kiarabu." Wa pili atasema, "Ni jina la mmea wa Wazungu. Nasi tumelipata kwao pamoja na mmea wenyewe." Wa tatu, kwa kuwa amesoma Kiingereza, atasema kwamba kahawa ni lile neno "coffee" lililogeuzwa na ndimi zetu.

Jibu la kwanza ni la kweli, ingawa halikutimia. La pili na la tatu yamepotoka. Wala mtu asidhani kwamba kupotoka huku ni jambo dogo la wanafunzi wa lugha. Zamani watu walipigwa, na mali zao zikachomwa moto, na jina la kinywaji hiki lilikuwa moja ya silaha za washitaki. Hata hapa Kenya ilipita miaka mingi ambayo Mwafrika alizuiliwa kupanda mibuni, kana kwamba mti huo ulikuwa mali ya wengine tangu kuumbwa kwake. Kwa hiyo yafaa tujue habari zake kwa taratibu. Katika yote tutakayosema, msomaji na ashike neno moja: jina la kitu ni ushahidi wa njia ambayo kitu hicho kimepitia, si hukumu juu ya kitu chenyewe.

MANENO MATATU

Kwanza tutazame utajiri wa lugha yetu. Siku hizi watu wengi husema "kahawa" kwa kila kitu: shamba la kahawa, gunia la kahawa, kikombe cha kahawa. Si makosa. Lakini Kiswahili kina maneno matatu, na kila moja lina kazi yake. Mti waitwa mbuni, na miti mingi ni mibuni. Mbegu zake, kabla hazijakaangwa, zaitwa buni. Na kinywaji kipikwacho kwa unga wa buni zilizokaangwa na kutwangwa ndicho kahawa.

Neno "mbuni" lataka uangalifu, kwa sababu yule ndege mkubwa asiyeruka naye aitwa mbuni. Wingi wake ndio hutuonyesha tofauti: ndege ni "mbuni wengi," na miti ni "mibuni mingi." Tena wakulima wa Kenya wamelipa neno hili maana nyingine. Kwao mbuni ni matunda yaliyokauka na ganda lake bila kumenywa kwa mashine wala kuoshwa. Hayo huuzwa mbali na kahawa iliyooshwa, na bei yake huwa ya chini.

Waarabu nao hufanya tofauti kama yetu. Mbegu huita bunn, na kinywaji huita qahwa. Waganda vilevile husema emmwanyi kwa mmea na matunda yake, bali kinywaji chenyewe huita kaawa. Lakini Waethiopia, ambao ndio wenyeji wa mmea huu, hutumia neno moja, buna, kwa mbegu na kinywaji pamoja. Msomaji aona mara moja kwamba buna ya Ethiopia, bunn ya Waarabu na buni yetu ni ndugu. Basi yatubidi kuuliza: ikiwa mbegu ilikuwa na jina lake tayari, kwa nini kinywaji kikapewa jina jingine? Katika swali hili ndimo ilimo siri ya neno "kahawa."

MAANA YA KWANZA ILIKUWA DIVAI

Neno qahwa lilikuwamo katika lugha ya Kiarabu kabla Waarabu hawajaanza kunywa kahawa. Watunga kamusi wa zamani walilieleza kuwa ni moja katika majina mengi ya divai. Wakasema kwamba mzizi wake wahusu kuondoa hamu. Maana mtu anywaye divai nyingi hupoteza hamu ya chakula. Kwa hiyo qahwa, kwa asili, ni "kile kinachokata hamu."

Sasa fikiri jinsi neno kama hili liwezavyo kuhama. Divai hukata hamu ya kula. Kukatokea kinywaji kingine cha moto, cheusi na kichungu, ambacho hakikulevya kamwe, bali kilikata hamu ya kulala. Watu wakakipa jina lilelile. Ndivyo zifanyavyo lugha zote. Kitu kipya kinapokuja, mara nyingi hatukitungii jina jipya, bali twatwaa jina la zamani lililo karibu na tabia yake. Sisi wenyewe twaita "ndege" chombo cha chuma kirukacho angani, wala hapana mtoto wa shule adhaniye kwamba chombo hicho hutaga mayai.

Wako wasemao kwamba neno hili lilitokana na Kaffa, jina la nchi iliyo kusini-magharibi mwa Ethiopia, ambako mibuni humea yenyewe msituni. Dhana hiyo yapendeza masikio, lakini ina udhaifu wa namna mbili. Kwanza, neno qahwa lilikuwapo kwa Waarabu likiwa na maana ya divai kabla ya kinywaji hiki kujulikana kwao. Pili, watu wa Kaffa wenyewe hawaiti kahawa kwa jina la nchi yao. Wao husema buno. Si ajabu maneno mawili kufanana kwa bahati, kama "mbuni" mti na "mbuni" ndege.

Iko pia hadithi ya mchungaji aliyewaona mbuzi wake wakirukaruka usiku baada ya kula matunda mekundu ya mti usiojulikana. Hadithi hiyo ni tamu kuwasimulia watoto. Lakini ilipigwa chapa mara ya kwanza mjini Roma mwaka 1671, miaka mia mbili na zaidi baada ya kahawa kujulikana Yemen. Kwa hiyo tuihesabu kuwa hadithi, tusiihesabu kuwa historia.

MASUFI WA YEMEN

Habari zilizo na msingi imara zaidi zaanzia nchi ya Yemen katika karne ya 15. Mwandishi mmoja, Abd al-Qadir al-Jaziri, alitunga kitabu kizima juu ya uhalali wa kahawa karibu na mwaka 1558, na humo alikusanya masimulizi ya waliomtangulia. Asema kwamba masufi wa Yemen walikinywa kinywaji hiki ili wapate kukesha katika ibada. Walikipika katika chungu kikubwa cha udongo mwekundu, na kiongozi wao aliwatekea kwa kikombe kidogo, akianzia mkono wa kuume, huku wakiendelea na dhikiri yao.

Tena kitabu hicho chatupa habari ambayo wasomaji wetu wa Meru wataipokea kwa furaha. Chasema kwamba huko Aden neno qahwa lilitumiwa kwanza kwa kinywaji kilichopikwa kwa majani ya miraa. Miraa ilipoadimika, sheikh aitwaye al-Dhabhani, aliyefariki karibu na mwaka 1470, aliwashauri wanafunzi wake kutumia bunn badala yake, kwa kuwa nayo hukesheza na kupatikana kwake ni kwa gharama ndogo. Yasemekana pia kwamba sheikh huyo alikuwa ameiona buni ikitumiwa ng'ambo ya bahari, yaani upande wa Afrika.

Hivyo twaweza kuziona hatua za neno hili kama ngazi. Kwanza qahwa ni divai. Kisha ni kinywaji chochote kinachomfanya mtu akeshe, kiwe cha miraa au cha buni. Mwisho ni kinywaji cha buni peke yake. Maana ya kwanza ikafifia katika vinywa vya watu. Lakini haikufutika katika kamusi, nayo ikaja kuleta mashaka.

KESI YA MAKKA, MWAKA 1511

Mwaka 1511 msimamizi wa masoko na adabu za watu katika mji wa Makka aliitwa Kha'ir Beg. Alikuwa amewekwa na watawala wa Misri. Usiku mmoja, alipokuwa akitoka msikitini, aliwaona watu wamekaa na taa zao wakipokezana vikombe. Wao walipomwona wakazizima taa. Alipouliza akaambiwa kwamba wanakunywa qahwa, kinywaji kilichokwisha kuenea mjini, na kwamba katika nyumba kinakouzwa watu hukusanyika, hucheza na kuzungumza mambo mengi.

Kesho yake aliwakusanya wanazuoni na kuwaletea chombo cha kahawa kama mshitakiwa aletwavyo barazani. Wanazuoni walifanya jambo la busara: waligawa kesi mafungu mawili. Juu ya mikutano, walisema kwamba ikiwa mna maovu ndani yake, basi ni haramu. Lakini juu ya kinywaji chenyewe walisema kwamba kila kiotacho katika ardhi ni halali kwa asili yake mpaka madhara yake yathibitike. Na hayo wakayaacha kwa waganga. Ndipo wakaitwa waganga wawili, nao walikuwa ndugu. Wakashuhudia kwamba kahawa yadhuru mwili. Basi kahawa ikapigwa marufuku, akiba za wauzaji zikachomwa moto katika njia za mji, na waliokamatwa wakinywa wakapigwa.

Husimuliwa kwamba katika baraza hiyo mtu mmoja alisimama akashuhudia kwa nguvu kwamba kahawa hulevya sawasawa na divai. Akaulizwa, "Wewe umejuaje?" Maskini akawa ameungama mbele ya wanazuoni wote kwamba amepata kunywa divai. Shahidi akageuka mshitakiwa, naye akaadhibiwa.

Kisa hicho chachekesha, lakini ndani yake mna jambo zito. Washitaki walikuwa na jina zuri la kuanzia mashitaka yao. Kinywaji kinaitwa qahwa, na qahwa ni divai; basi mtu afanye nini ila kukitilia shaka? Ikiwa jina lingekuwa ndilo hukumu, kesi ingekwisha kabla ya kuanza. Lakini amri iliporudi kutoka Cairo, kwa Sultani, haikukataza kahawa. Ilikataza mikutano mibaya tu. Mwaka uliofuata Kha'ir Beg aliondolewa katika kazi yake, na watu wa Makka wakaendelea kunywa.

Jambo hilo lilirudiwa mahali pengi. Mjini Istanbul nyumba za kwanza za kahawa zilifunguliwa karibu na mwaka 1555, na mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne akaamuru zifungwe. Huko Uingereza Mfalme Charles wa Pili alitoa tangazo la kuzifunga mwishoni mwa mwaka 1675, naye akalirudisha siku chache baadaye, mwezi wa Januari 1676, kwa sababu watu walinung'unika mno. Wafalme hao hawakuwa wakiogopa kikombe, bali maneno yasemwayo juu ya kikombe.

NJIA ZA NENO

Kutoka Yemen neno lilisafiri kwa njia mbalimbali, na katika kila njia likavaa vazi jipya. Tuzifuate njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya kaskazini. Waturuki walilipokea neno qahwa wakalitamka kahve, kwa kuwa sauti ya "w" huwageukia kuwa "v". Kutoka kwao likaingia Italia likawa caffè, na Ufaransa café. Waholanzi wakasema koffie, na Waingereza wakasema coffee. Nyumba ya kwanza ya kahawa Uingereza ilifunguliwa Oxford mwaka 1650, na ya London ikafuata mwaka 1652.

Njia ya pili ilianza Ulaya ikaenda ng'ambo kwa merikebu. Mwishoni mwa karne ya 17 Waholanzi walipanda mibuni katika kisiwa cha Java, na watu wa huko wakasema kopi. Wajapani nao wakasema kōhī. Afrika ya Kusini Wazulu husema ikhofi. Watu wa Madagaska, walioipokea kwa Wafaransa, husema kafe. Hao wote walipata jina mikononi mwa Wazungu, na sauti ya "f" au "p" iliyo katikati ndiyo mhuri wa njia hiyo.

Njia ya tatu ndiyo yetu. Ilipita baharini kwa majahazi, kutoka Arabuni hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Alama yake yaonekana katika neno lenyewe. Kiarabu huweka herufi mbili zisizo irabu pamoja, bali Kiswahili hakipendi hivyo; hutia irabu katikati ili neno litamkike kwa urahisi. Bahr imekuwa bahari. Sahn imekuwa sahani. Fahm imekuwa fahamu. Basi kwa kanuni hiyohiyo, qahwa imekuwa kahawa. Ile sauti nzito ya kooni imekuwa "k" ya kawaida, na "h" na "w" zimetengwa kwa "a". Kama tungalilipata neno hili kwa Waingereza, leo tungalisema "kofi," na kofi kwetu ni pigo la shavuni.

Kwa hiyo jibu la yule karani limeanguka. Kahawa si mtoto wa "coffee." Maneno haya mawili ni ndugu wa baba mmoja, walioachana njiani: mmoja alikwenda kaskazini akabadilika sana, mwingine alishuka kusini akabaki akifanana na baba yake.

NENO LIKAZAA KATIKA KISWAHILI

Neno lililopokelewa vizuri huzaa. Kutokana na kahawa tumepata mkahawa, yaani nyumba ya kunywea kahawa, na kahawia, yaani rangi ya kahawa. Waturuki nao wameiita rangi hiyo kwa jina la kahawa. Lakini Waarabu huiita bunni, kwa jina la mbegu. Pamoja na neno zikaja na zana zake: dele, ambalo ni chombo cha shaba chenye mdomo mrefu, na finjani, kikombe kidogo kisicho na mkono.

Watu wa pwani hawakukipokea kinywaji hiki bila kukitengeneza kwa desturi zao. Mwuza kahawa hupita jioni na dele lake likiwa juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili watu wasikie. Kahawa yake ni chungu, haina sukari, na mara nyingi ina tangawizi. Utamu hutoka katika kashata au halua iliwayo pamoja nayo. Kwenye baraza mbele ya nyumba, maskini na tajiri hunywa kwa vikombe vilevile, na habari za mji hupimwa hapo.

Yapo mambo mawili ya kushangaza hapa. La kwanza ni la mikahawa. Ingia katika mkahawa wowote wa mji wa bara, tazama meza zote, na utaona kwamba wengi wanakunywa chai. Jambo hilohilo limetokea Uajemi: nyumba iitwayo qahve-khane, yaani nyumba ya kahawa, kwa kawaida huuza chai. La pili latoka Kashmir, ambako neno kahwa lenyewe limehamia kwa chai ya majani mabichi iliyotiwa iliki na zafarani. Basi neno lililoanza kwa divai, likapita katika miraa, likafika katika buni, huko Kashmir limeishia katika chai. Mtu akitaka kuhukumu kinywaji kwa jina lake, atakihukumu kipi katika hivyo vinne?

JINA LA KITAALAMU NALO LAPOTOSHA

Hata wataalamu hawakuokoka. Mwaka 1753 mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Linnaeus, aliupa mbuni jina la kitaalamu, Coffea arabica, yaani kahawa ya Arabuni. Sababu yake ni kwamba Wazungu wa siku hizo walinunua buni katika bandari za Yemen, hasa Mocha, wakadhani kwamba huko ndiko asili yake. Lakini mmea huu ni wa Afrika. Humea wenyewe katika misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, na umeonekana pia katika nyanda za juu za Boma, Sudani ya Kusini. Arabuni ulipelekwa na watu.

Wala si mmea huo tu. Aina ya pili, iitwayo robusta, nayo ni ya Afrika. Wahaya wa Bukoba na Waganda waliijua kabla ya kufika kwa Wazungu. Hawakuipika kuwa kinywaji. Walizichemsha mbegu zake pamoja na majani yenye harufu, wakazikausha, wakazitafuna na kuwakaribishia wageni. Kwa Waganda, watu wawili waliotaka kuchanjiana na kuwa ndugu waligawana mbegu mbili za tunda moja, kila mmoja akameza mbegu iliyotiwa damu ya mwenziwe. Na huko Ethiopia, hata leo, buna hupikwa mara tatu kwa wageni, na kikombe cha tatu huitwa kwa neno ambalo kila Mswahili atalitambua: baraka.

MTI ULIORUDI KWA NJIA NDEFU

Sasa tuje Kenya. Kutoka Yemen mbuni ulipelekwa na Wafaransa katika kisiwa cha Bourbon, kiitwacho leo Réunion, mwaka 1715. Kutoka kizazi cha mibuni hiyo, mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walileta mbegu katika pwani yetu, na mwaka 1893 wakapanda Bura katika milima ya Taita. Baadaye mibuni ikapandwa karibu na Nairobi, na mashamba makubwa ya walowezi yakaenea. Hivyo mti wa Ethiopia, jirani yetu wa kaskazini, ulitufikia kwa kuzunguka Yemen na visiwa vya Bahari ya Hindi.

Kwa kuwa mti ulikuja mikononi mwa wageni, ulihesabiwa kuwa wa wageni. Kwa miaka mingi wakulima Waafrika wa Kenya walizuiliwa kuupanda. Walowezi walitoa hoja kwamba mashamba madogo yataleta magonjwa ya mimea, kwamba sifa ya kahawa ya Kenya itashuka, na kwamba wizi utaongezeka. Nako ng'ambo ya mpaka, katika Kilimanjaro, Wachaga walikuwa wakiilima kahawa yao, hata wakaunda chama chao cha wakulima mwaka 1925. Hapa Kenya ruhusa ilianza kutolewa katika miaka ya 1930, kwa majaribio madogo katika Meru, Embu na Kisii. Ruhusa hiyo haikupanuka sana mpaka mpango wa kilimo wa mwaka 1954, ujulikanao kwa jina la Swynnerton.

Matokeo yakazijibu hoja zote. Wakulima wadogo walipofundishwa kuchuma matunda yaliyoiva tu, kuyamenya siku ileile, kuosha buni na kuzianika juu ya vichanja, kahawa yao ilipata sifa kubwa katika masoko ya dunia. Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Wanunuzi hawakuuliza buni zimetoka katika shamba la nani, walionja kikombe.

Hii ndiyo kesi ya pili, na yafanana na ile ya Makka. Kule washitaki waliegemea jina la kinywaji, wakasema ni divai. Huku walitazama mkono ulioleta mti, wakasema ni mali ya wageni. Katika kesi zote mbili, kitu chenyewe hakikuulizwa kwanza. Kilipoulizwa, jibu likawa jingine.

MUHTASARI

Tumejifunza kwamba neno kahawa limetoka katika Kiarabu, qahwa, ambalo maana yake ya kale ilikuwa divai; kwamba lilihamia kwa kinywaji cha masufi wa Yemen kwa sababu kilikata hamu ya usingizi; kwamba lilifika kwetu kwa majahazi, si kwa Kiingereza; na kwamba buni, jina la mbegu, ni ndugu wa buna ya Ethiopia, ambako mti una asili yake. Mwenye kulima mibuni aweza kulitamka jina hili bila kujiona mpangaji katika shamba la mtu. Na mwenye kupenda elimu ya maneno atafute asili ya kila neno kwa bidii, lakini asiifanye asili hiyo kuwa hakimu. Maana ya neno leo ni ile waliyokubaliana walitumiao leo.

MASWALI KWA WANAFUNZI NA MADARASA YA JIONI

1. Eleza tofauti ya mbuni, buni na kahawa. Toa wingi wa "mbuni" kwa maana zake mbili: ndege na mti.

2. Kwa nini watu wa Yemen walitumia jina la zamani la divai kwa kinywaji kisicholevya?

3. Taja sababu mbili za kukataa dhana ya kwamba neno kahawa limetoka Kaffa.

4. Wanazuoni wa Makka waligawa kesi ya mwaka 1511 mafungu mawili. Yataje, useme kwa nini mgawo huo ulikuwa wa busara.

5. Neno la Kiarabu waqt limekuwa wakati katika Kiswahili. Onyesha kanuni iliyotumika, kisha utafute maneno mengine matatu yaliyofuata kanuni hiyo, mbali na yale yaliyotajwa katika somo.

6. Waulize wazee wa kwenu: ni mimea gani mingine ambayo watu hudhani ni ya kigeni kwa sababu ya jina lake au ya walioileta? Andika majibu yao, uyachunguze kama ni ya kweli.